Mama mkwe amefunika hotpoti: supu ya mgahawani ina ubaya gani kwa mwenye mafua?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini. Nina miaka mitatu ya ndoa na mtoto mmoja wa miezi minane. Mume wangu anafanya kazi bandarini, mara nyingi zamu ya usiku. Tangu kusi lianze kukaza mwezi wa sita, mafua yamehamia nyumbani kwetu. Akipona huyu, anaanza yule.

Alianza baba watoto. Alirudi asubuhi macho mekundu, pua imeziba, sauti imekwenda, anasema mwili wote unamuuma kama amepakua magunia ya korosho usiku kucha. Nilikuwa na vipindi mpaka saa nane. Nikapiga hesabu: nitoke shule, nikanunue kuku, nimchinje, nimnyonyoe, nimchemshe, mgonjwa atakula saa ngapi? Basi nikapitia mgahawa mmoja ninaoufahamu, nikampa mama wa pale hotpoti yangu, akanijazia supu ya kuku wa kienyeji, paja moja na mchuzi wa kutosha, shilingi 5,000. Mume wangu aliinywa yote, akatoka jasho, akalala mpaka jioni. Nilifurahi.

Kesho yake akaingia mama mkwe kutoka Newala. Kusikia tu mwanawe anaumwa, amepanda basi la alfajiri. Hakuja mikono mitupu, kaleta mihogo, mbaazi na kichupa cha asali. Nami nikarudi na hotpoti kama jana yake. Mama akaifungua, akanusa, akaifunika taratibu, akaisogeza mwisho wa meza. Akasema, "Mwanangu anaumwa, analishwa chakula cha barabarani." Hakupaza sauti. Akaingia jikoni, akawasha mkaa, akabandika uji wa mtama. Mume wangu akanywa uji. Supu ikapoa pale pale mezani mpaka mafuta yakaganda juu. Mimi nikaingia chumbani nikalia.

Siku ya tatu nikaugua mimi. Mume wangu, Mungu ambariki, alipotoka kazini akanipitia supu anayoipenda yeye: makongoro, pilipili imekolea, mafuta yanaelea. Vijiko vitatu tu, kichefuchefu kikanishika na koo likawaka moto. Mwalimu mwenzangu anasema kiboko ya mafua ni supu ya pweza. Jirani anasema nisihangaike na masupu, ninunue amoksilini duka la dawa, siku tatu kwisha habari. Nimenunua vidonge 6, viwili nimeshameza.

Na sasa mtoto naye kaanza kupiga chafya. Mama mkwe anataka kumlambisha asali na ndimu, anasema ndivyo alivyolea watoto wake saba. Nimemkwepa mara mbili kwa kusema mtoto kalala. Ya tatu sijui nitasema nini.

Shangazi, nilikosea kumnunulia mume wangu supu? Sisi tunaotegemea migahawa, ukiwa na mafua uagize supu gani? Na mama yangu huyu nikae naye vipi, maana bado yupo na mimi sitaki vita?

Mwalimu, Mtwara


Marahaba mwanangu, na poleni nyumba nzima.

Nianze na asali, maana hiyo haisubiri. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja halambi asali, hata tone, hata ikichanganywa na ndimu, hata ikiwa imetoka mzingani leo. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu, lakini ndani ya utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto anafunga choo, analia kwa sauti dhaifu, ananyonya kwa shida, shingo inalegea. Haitokei kila siku, ila ikitokea ni hatari kubwa. Kwa hiyo ile mara ya tatu usimwambie mama kwamba mtoto kalala. Mwambie, "Mama, hii asali ni nzuri, tutaitumia sisi wakubwa. Huyu mpaka atimize mwaka." Mwende naye kliniki, nesi amweleze mwenyewe. Akisikia kwa nesi halitakuwa tena neno la mkwe kupinga neno la mama. Na kama alishalambishwa ukiwa shuleni, usimgombeze mtu, ila mwangalie mtoto kwa wiki kadhaa, na ukiona dalili nilizotaja mkimbize hospitali.

Mtoto mwenyewe mnyonyeshe tu, hata wewe ukiwa na mafua. Nawa mikono kabla ya kumshika, kohoa pembeni. Akilala, fungua nguo yake, tazama kifua na uhesabu anavyovuta pumzi kwa dakika nzima. Kwa umri wake, ukifika 50 au zaidi, au ukiona kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta hewa, au amekataa ziwa, usingoje asubuhi.

Sasa vile vidonge. Mafua yanaletwa na virusi, vya aina zaidi ya 200, na vinavyoongoza ni vile wataalamu wanavyoviita rainovirusi. Amoksilini inaua bakteria, virusi haiviwezi. Jirani yako atasema alimeza akapona siku ya tatu, na hasemi uongo, ila mafua yalikuwa yameshaanza kuondoka yenyewe. Kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10, na kikohozi hubaki nyuma kidogo. Vidonge sita vya kubahatisha vinawafundisha bakteria walio mwilini kuizoea dawa, ili siku utakapoihitaji kweli isifanye kazi. Usiendelee navyo bila mtaalamu kukuandikia.

Kuna jambo katika barua yako limenishtua kuliko hayo makongoro. Umesema mumeo mwili wote ulikuwa unauma. Je, alikuwa na homa? Mafua ya kawaida huanzia puani na kooni, na mtu mzima mara nyingi hapati homa kali. Sisi huku kusini tunaishi na malaria, na malaria hujificha vizuri sana nyuma ya neno "mafua". Homa ikipanda, awe yeye, wewe au mtoto, kwanza kachomwe kidole mpimwe malaria, ndiyo mzungumze habari za supu. Na kikohozi kikifika wiki mbili hakijakata, nenda kapime kifua kikuu. Anayebanwa pumzi, anayeumwa kifua au kukohoa damu, naye ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo, mwanangu, tukae kwenye supu, maana naijua na naipenda.

Hukukosea. Kuku wa kienyeji aliyekomaa anataka saa mbili jikoni ndiyo mifupa iachie utamu wake. Mama wa mgahawa huamka alfajiri kwa kazi hiyo, na mkaa wake umeshawaka wakati wewe unapanga madaftari. Uliununua muda wake ukampelekea mgonjwa. Umesema mwenyewe kwamba mumeo alitoka jasho, akalala.

Supu haiui virusi. Inampumzisha mtu wakati mwili unapigana vita vyake. Mwaka 1978 madaktari wa Miami, Marekani, waliwapa watu 15 wazima maji baridi, maji ya moto na supu ya kuku ya moto kwa nyakati tofauti, wakapima kamasi linavyotembea puani. Maji baridi yalilipunguza mwendo. Ya moto yaliliharakisha, na supu ikayashinda maji ya moto. Nusu saa baadaye nguvu hiyo ilikuwa imekwisha. Ndiyo maana bakuli moja kubwa la asubuhi halitoshi, ni afadhali vikombe vidogo vidogo mchana kutwa. Na mwaka 2008, huko Cardiff, Uingereza, watu 30 wenye mafua walipewa kinywaji kile kile cha matunda, ama cha moto ama kisichopashwa moto. Cha moto ndicho kilichowatuliza koo, baridi ya mwili na uchovu. Kwa hiyo hata siku huna hela ya kuku, moto wenyewe una kazi yake.

Lingine ni maji na chumvi. Mwenye mafua anapumulia mdomo, koo linakauka, hamu ya kula haipo, na akilazimishwa maji matupu anaona kama adhabu. Mchuzi unateremka bila kubembelezwa. Halafu pua ikiziba, utamu mwingi wa chakula unapotea, kwa sababu utamu huo tunaupata kwa kunusa. Ulimi peke yake unabaki unajua vitu kama chumvi na uchachu. Ndiyo maana mgonjwa anayekataa wali atakubali mchuzi uliokamuliwa ndimu, na uache kumlazimisha wali.

Umeniuliza uagize nini. Mimi namba moja wangu ni samaki, na niruhusu nikueleze kwa nini, maana kuku anasifiwa na kila mtu.

Nilipokuwa naishi Lindi, bado kijana, nilibanwa na mafua nikiwa peke yangu katika chumba cha kupanga. Nikajikokota mpaka kwa mama lishe mmoja upande wa feri ya kuvukia Kitunda. Hakuniuliza ninataka nini. Aliniangalia pua, akabandika sufuria dogo: maji, kitunguu, nyanya moja, tangawizi aliyoipondaponda kwa kitako cha kisu, kipande cha embe bichi, chumvi. Maji yalipochemka ndipo akatumbukiza changu mzima aliyekatwa mara mbili. Chukuchuku, bila nazi, bila tone la mafuta. Povu lilipopanda aliliengua kwa upawa, akaugonga upawa ukingoni, akaliengua tena. Hakuondoka pale jikoni. Halafu akakamua ndimu kwa kiganja kilichogeuzwa juu, juisi ikapita kati ya vidole na mbegu zikabaki mkononi. Akanisogezea bakuli akasema, "Anza na mvuke, mwanangu, mchuzi utakungoja." Nikainama juu ya lile bakuli. Pua upande wa kulia ikafunguka kwanza, na kitu cha kwanza kunusa baada ya siku mbili kilikuwa lile embe.

Tangu siku hiyo nikiwa na mafua naomba chukuchuku. Samaki hachukui muda mrefu kuiva, dakika kumi na tano amekuwa laini, kwa hiyo mgahawa unaweza kukupikia papo hapo badala ya kukuchotea iliyolala. Nyama yake haitaki kutafunwa sana koo likiwa na kidonda. Changu, tasi, kolekole, wote wanafaa. Angalia miba tu ukimpa mtu anayekohoa.

Kuku wa kienyeji anafuata, na uwahi. Supu ya saa moja asubuhi na supu ya saa tisa alasiri katika sufuria lile lile ni supu mbili tofauti. Ya asubuhi ni nyepesi na ina harufu ya kuku. Ya alasiri imechemka mpaka chumvi imekaba, wameongeza maji, wameongeza vile vidonge vya kukoleza mchuzi, na mwenye koo bovu anamaliza bakuli akiwa na kiu kuliko alivyoingia. Ukichelewa, afadhali uagize mchemsho, wa kuku au wa samaki, wenye ndizi na viazi, maana huo mara nyingi hupikwa kwa mtu mmoja mmoja, na mgonjwa aliyeanza kurudiwa na hamu ya kula atapata cha kushika tumbo.

Pweza wa mwalimu mwenzako simkatai. Mchuzi wake ni mwepesi, wa moto, una ndimu, unafungua kifua. Lakini kunywa mchuzi, vipande muachie mwenye meno mazima na koo zima. Sifa nyingine anazopewa pweza mitaani si za ugonjwa huu.

Makongoro na utumbo ni vyakula vya mtu mzima wa afya. Mume wako alikuletea kwa mapenzi, alikuletea kile ambacho yeye kingemfurahisha, na hilo usilisahau. Ila mafuta yale yanakaa tumboni muda mrefu, na mgonjwa aliyeshinda bila kula anachafukwa roho kama ulivyochafukwa wewe. Pilipili nayo inafungua pua dakika chache, kisha makamasi yanamwagika zaidi na koo lililochubuka linaungua. Iombe pembeni, ujue kipimo chako mwenyewe.

Ukifika mgahawani usiseme "nipe supu" ukanyamaza. Sema una mgonjwa. Sema: "Mama, naomba mchuzi mwepesi, engua mafuta ya juu, pilipili weka pembeni, ndimu mbili." Sijawahi kuona mama lishe aliyekasirika kwa maneno hayo. Wengi watakuongezea na kipande cha tangawizi. Simama uone sufuria linachemka kweli, mvuke unapanda, maana supu ya vuguvugu iliyokaa ni mazalio ya vijidudu. Endelea kubeba hotpoti yako kama unavyofanya, usikubali supu ya moto kumiminwa kwenye mfuko wa nailoni. Ukifika nyumbani inywewe ikiwa ya moto. Kinachobaki kiweke kwenye friji mapema na ukichemshe mpaka kitokote kabla ya kumpa mtu. Ile iliyoganda mezani siku aliyokuja mama natumaini mliimwaga, maana kuna sumu za chakula kilicholala ambazo hata kuchemsha hakuziondoi.

Sasa mama.

Neno "chakula cha barabarani" liliuma, na lingeniuma hata mimi. Lakini mwangalie na yeye. Kapanda basi usiku haujaisha, njia nzima anawaza mwanawe, kafika, anakuta kila kitu kimeshafanywa, na kimefanywa na mtu asiyemjua, kwa hela. Alichobaki nacho ni uji wake wa mtama. Na uji ule, mwanangu, ulikuwa chakula kizuri cha mgonjwa. Ni wa moto, laini, unashibisha. Mumeo alistahili kunywa vyote viwili.

Na hapo ndipo ninapomkamata mumeo. Aliyetakiwa kuifungua hotpoti ile alikuwa yeye. Alijua supu ya jana yake ilimtoa jasho na kumlaza. Angesema tu, "Mama, niwekee uji, na ile supu nitainywa jioni, jana ilinisaidia sana." Sentensi moja. Akanyamaza, ukaenda kulia peke yako. Mwambie hivyo akiwa ametulia, usiku wa mapumziko, bila kumtaja mama yake kwa ubaya. Mwambie hutaki akutetee kwa ugomvi, unataka aseme lililo kweli mbele ya mama yake. Mwana akisema supu ya mkewe ilimsaidia, mama atameza. Ukisema wewe, utaonekana unajitetea.

Wewe kwa upande wako usimweleze mama habari za muda wa shule na zamu za bandarini. Anajua, na maelezo yatageuka mashindano. Muulize wao Newala, kipupwe kikikaza kule juu, mgonjwa wa mafua hupikiwa nini. Muulize kwa nia ya kujua, ushike kisu umenye vitunguu huku akieleza. Asali aliyoileta, tia kijiko kwenye maji ya moto yenye tangawizi na ndimu, unywe mbele yake usiku kabla ya kulala. Kikohozi kitatulia, na ataona mzigo wake haukukaa bure.

Jumamosi, kama homa hakuna na miguu ina nguvu, mwachie baba mtoto, uende na mama soko la samaki kule feri ya Mtwara. Mwambie mnatafuta changu wa chukuchuku na achague yeye. Atafungua mashavu ya samaki, atabonyeza tumbo, atabishana bei mpaka muuzaji acheke. Wewe shika kapu. Mkitoka hapo mpitie kwa yule mama wa mgahawa, umsalimie, umwambie, "Huyu ndiye mama yake yule mgonjwa wangu." Waache wasalimiane wenyewe, usiwaharakishe.